Mzigo wa Shingoni

"Hicho kilichokuota shingoni, Zena, ni chako au si chako?"

Mama aliniuliza swali hilo kwenye benchi la hospitali mjini Tabora, mbele ya chumba nilimotoka kukatwa. Mimi nilikuwa na bandeji nene upande wa kushoto wa shingo. Yeye alikuwa amepakata chupa ndogo iliyozungushiwa plasta, na ndani yake kilielea kipande cha nyama yangu, si kikubwa kuliko punje ya njugu mawe. Dresa aliyenifunga kidonda alikuwa amempa aipeleke stesheni, ofisi ya vifurushi, isafiri kwa treni hadi Dar es Salaam kwa wataalamu wa kusoma nyama. Hospitali haikuwa na mtu wa kutuma. Ndugu wa mgonjwa ndio waliobeba kila kitu: makohozi, damu, shuka, uji.

"Sijui, mama. Wewe peleka tu."

"Umesoma mpaka chuo kikuu, hujui kama nyama iliyo mwilini mwako ni yako?"

"Sijui."

Akaitazama chupa, akaifunika kwa pindo la khanga, akaenda zake.

Naandika kwa ajili ya yule ambaye leo ameketi kwenye benchi kama lile. Sitamfundisha ugonjwa ni nini. Wapo waliosomea, na hata wao utawaona wanasita. Nitasema jinsi tulivyoishi nao, mimi na watu wangu, tangu kiangazi kimoja hadi kiangazi kingine, miaka ile watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini na sukari inagawiwa kwa foleni.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Kanyenye kufundisha historia katika shule ya wasichana. Nilikuwa na ulimi. Chuoni tulizoea kuuliza kila kitu: nani kasema, kwa faida ya nani, ushahidi uko wapi. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa akiniona naingia mkutanoni anashusha pumzi kabla sijafungua mdomo. "Ndugu mwalimu," alikuwa akisema, "leo tuhurumie, tuna ajenda moja tu."

Ugonjwa ulianza kama mtoki, uvimbe mdogo chini ya sikio, hauumi. Nilidhani ni jino. Kisha ukapata mwenzake. Jioni mwili ukawa unachemka, na asubuhi nikiamka shuka imelowa kana kwamba nimelala mtoni. Hospitalini walisema ni kifua kikuu cha mitoki, nikachomwa sindano kwa muda mrefu hadi nikawa nakaa upande upande. Uvimbe haukujali. Ndipo daktari wa pale akasema wakate kinyama, kisomwe.

Mtu wa kwanza kuona ninavyoisha hakuwa daktari. Alikuwa baba mdogo Ramadhani, fundi cherehani, aliyekuwa akishona kwenye baraza ya nyumba yetu tangu baba yangu afariki. Magauni yangu yote alinishonea yeye. Siku moja aliniita.

"Hebu simama hapo." Akanizungushia utepe kiunoni. Akazungusha tena.

"Vipi, baba mdogo?"

"Utepe huu umechakaa," akasema. "Umerefuka."

Aliyabana magauni yangu matatu ya kazini bila kunidai maelezo. Mwezi uliofuata aliyabana tena, na kila alipoyabana aliacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Sikumwuliza kwa nini. Nilijua. Alikuwa anaacha nafasi ya mimi kurudi.

Lakini hakuacha kugombana nami. Alitaka nipelekwe kwa mganga mmoja upande wa Kigwa, mtu wa chale na moshi.

"Majibu gani yanatafutwa Dar es Salaam, na mgonjwa yuko hapa?" alisema, mguu ukiwa bado kwenye pedali.

"Na huyo mganga wako amewaponya wangapi? Umewaona kwa macho?"

"Na hao wa Dar es Salaam umewaona kwa macho?"

Swali hilo lilinitia hasira kuliko ugonjwa. Mama alikuwa akipepeta mchele pembeni. Hakusema neno, na wala sikuona ajabu.

Miyombo ilichipua majani mekundu, ishara kwamba mvua haiko mbali. Nikawa nafika hospitalini kila wiki. Karani wa dirishani alikuwa ananijua kwa mwendo.

"Bado, mwalimu."

"Bado nini? Hakijafika, hakijasomwa, au hakijajibiwa?"

"Bado kwa jumla."

Subira ya ukumbini ina tabia zake. Kila mtu huchagua mahali pake pa kukaa, na asipomkuta mwenzake pale, huuliza kwa macho tu. Nilijifunza kutomtazama mtu anayetoka ndani. Nilijifunza pia kwamba mgonjwa anayelalamika kwa sauti huonwa mzima, kwa hiyo ndiye husogezwa nyuma. Nililalamika hata hivyo. Niliwashuku watu wa vifurushi, nikamshuku karani, nikashuku mfumo mzima wa kuyapeleka mambo yote makao makuu hadi kinyama cha shingo yangu nacho kingoje kikao. Katika chumba cha walimu niliyasema hayo kwa ufasaha hadi wenzangu walicheka. Nilimshuku kila aliyeigusa ile chupa isipokuwa mmoja.

Mvua za kwanza zikapita. Wanawake wakaanza kuleta uyoga mjini katika vikapu. Kufikia hapo nilikuwa na uvimbe kulia pia, na mwingine kwapani uliofanya mkono usitue vizuri ubavuni. Sikuweza kuinua chaki juu ya bega. Basi nikatangaza nyumbani kwamba nakwenda Dar es Salaam mwenyewe, nikawakute hao wasomaji wa nyama, wanieleze mbele ya macho yangu wamekalia nini.

Mama alikuwa anaosha uyoga uani. Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Usiende kugombana na watu, Zena. Hakikufika kwao."

"Umejuaje?"

Akanyoosha midomo kuelekea kwenye mpera ulioko nyuma ya jiko. Pale chini ndipo lilipozikwa kondo langu la nyuma, na ya kaka zangu wawili waliotangulia kufa wakiwa wachanga. "Kiko pale."

Baba mdogo aliacha cherehani, akaja mlangoni.

"Shemeji, unasema nini?"

"Nasema nilikizika. Baba yangu alipokatwa mguu kwa kidonda, mguu ule tuliufunga kitambaa cheupe ukazikwa kabla yake, ukamngoja. Hakuna mtu aliyeutia kwenye chupa akaupakia treni kama kifurushi cha dagaa." Sauti yake haikupanda. "Nilimwuliza mwenyewe: ni chako au si chako? Akasema hajui. Dresa nilimwuliza, akacheka. Kama wote hawajui, mimi niliyemzaa najua. Ni chake. Nikakirudisha alikoanzia."

Majuma yote yale. Karani niliyemtukana. Uvimbe wa kwapani ambao haukuwapo siku ile ya benchi.

"Mama, umeniua," nikasema.

Uyoga uliungua jikoni jioni ile na hakuna aliyeuepua.

Wewe unayesoma, ukikuta nyumbani kwako jambo la namna hii, sina ushauri mzuri. Mimi nilinuna. Nilikaa nyumba moja na mama yangu, nikala chakula chake, nikavaa nguo alizofua, na sikumsemesha. Daktari wa Tabora nilimweleza ukweli, akajikuna kichwa. "Basi," akasema, "safari hii hatutumi kinyama. Tunakutuma mwenyewe." Kulikuwa na daktari Dar es Salaam aliyekuwa akichunguza uvimbe wa aina hiyo, Daktari Severini, Mtanzania aliyerudi karibuni kutoka masomoni nje. Baba mdogo alisema mama asiende nami, ameshafanya ya kutosha. Mama alifunga mkeka wake, akatangulia stesheni.

Tulipanda daraja la tatu. Kwenye stesheni ya Kigwa akapanda mwanamke mmoja wa makamo yangu, rozari shingoni, na binti mdogo ambaye shavu lake moja lilikuwa limevimba hadi jicho likawa mstari. Behewa zima lilijifanya halioni. Mama alisogea, akawapa nafasi.

Mwanamke aliitwa Regina. Mtoto aliitwa Kulwa, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza kama alizaliwa na mwenzake. Doto, pacha wake, alikuwa amebaki na bibi. Shamba lao la zamani lilikuwa nusu siku kutoka relini. Walipohamishiwa kijiji kipya kando ya reli, nyumba iliachwa na mahindi yakiwa mabichi. "Tuliambiwa tutapata zahanati," Regina alisema. "Zahanati imepata msingi. Juu bado."

Mama alizungumza naye njia nzima, na mimi nilijifanya nimelala. Nilimsikia akimweleza kwamba babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe begani kwa njia hii hii hadi pwani, na mkewe alimfuata na sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Jambo hilo mimi nilikuwa nalifundisha darasani kwa ramani. Hakuwahi kunisimulia.

"Na huyu dada?" Regina aliuliza.

"Mwanangu. Hasemi nami."

"Atasema, mayu," akajibu, akimwita mama kwa Kinyamwezi. "Mgonjwa akiweza kununa, bado ana nguvu."

Mama alicheka kidogo. Nilikunjua miguu, nikageukia ukuta wa behewa.

Wodini Dar es Salaam tulipokewa na nesi mnene, Bi Tatu, Mzaramo wa Kisarawe. Alitazama jina la mkoa kwenye cheti, akapiga makofi.

"Wanyamwezi! Watani wangu! Leo mmeniletea nini? Zamani mlikuja na pembe, mkaja na asali. Safari hii mmebeba nini?"

Mimi nilikuwa nimechoka, lakini utani haukatai mgonjwa. "Nimebeba hiki," nikamwonyesha shingo.

"Loo! Mnyamwezi hata akiugua lazima awe na mzigo! Na umeutwika pabaya, mzigo huwekwa begani."

"Bega lilikuwa limejaa," mama akajibu kutoka nyuma yangu. "Tulikuwa tumekubeba wewe tulipokukuta unalia porini."

"Sikiliza hicho kikongwe! Wewe lala chini hapa, mkeka wako usiguse kitanda changu. Na huyu binti akifa mimi ndiye nitakayekuja kudai kuku wa matanga, mjue kabisa."

Wodi nzima ilicheka. Miezi yote ile hakuna mtu aliyekuwa amelitamka neno hilo mbele yangu, kufa. Walilizunguka kama shimo la choo. Bi Tatu alilitupa katikati ya chumba na likawa kitu cha kawaida, kama ndoo. Usiku ule nililala vizuri.

Daktari Severini alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na aliniita Ndugu Zena. Alisema atakata kinyama kipya asubuhi, na kitapelekwa mbio maabara kikiwa kwenye barafu, bila dawa ya kuhifadhi.

"Kwa nini safari hii hamtii dawa?"

"Dawa ile inaua seli. Ninachokitafuta kiko juu, kwenye ngozi ya seli, na nataka kukiona ikiwa hai."

"Kitu gani?"

"Protini. Tunadhani seli za ugonjwa huu hubeba alama huko juu. Tukiisoma alama, tutajua seli hizo ni za ukoo gani."

"Mnadhani?"

"Ndiyo. Tunadhani."

Nilimpenda kidogo kwa neno hilo, lakini sikumwachia. "Na mkishamaliza kudhani, kipande changu kinakwenda wapi? Kinapelekwa Ulaya? Kinakuwa cha nani?"

Kabla hajajibu, mama alisimama kutoka kwenye mkeka. "Hilo ndilo nami nataka kujua, daktari."

Tulitazamana, mama na mimi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya uyoga.

Daktari alivua miwani. Nadhani hakuna mgonjwa aliyewahi kumwuliza. Alisema sehemu ndogo itabaki maabara, kwa kuwa bila hiyo hawawezi kulinganisha. Kitakachozidi atamrudishia mama mkononi. Mama akamwapisha. Akaapa.

Siku chache baadaye walinikuta sitaki dawa. Nilikuwa nimeona kinachowapata waliotundikiwa chupa ya dawa hiyo: kutapika hadi nyongo, vidonda vya mdomo, mtu analia kwa kumeza mate. Nikasema sitiliwi sumu mishipani kwa sababu ya kitu kinachodhaniwa. Nionyeshwe. Baba mdogo alikuwa ametuma neno kupitia mtu wa treni kwamba nikirudi, mganga wa Kigwa yuko tayari. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kufikiria. Nilikuwa nimechoka kuuliza maswali kwa watu wenye haraka.

Daktari Severini akatuchukua, mama na mimi, hadi chumba kisicho na dirisha. Kulikuwa na darubini yenye taa ya ajabu. Alizima taa ya juu, akanikalisha.

Mwanzoni niliona giza tu. Halafu zikaja. Duara ndogo ndogo za kijani, nyingi, zimesambaa kwenye weusi, kila moja ikiwaka ukingoni tu kama pete. Alisema wametia dawa yenye rangi, ambayo haishiki mahali popote ila kwenye ile protini. Penye kuwaka ndipo palipo na alama.

"Hizi ni zangu?"

"Ni zako."

"Ndizo zinazoniua?"

"Ndizo."

Nilizitazama kwa muda mrefu. Nilitaka kuzichukia. Mama akaomba zamu. Aliinama, akafinya jicho moja, akakawia hapo hadi daktari akasogea kuona kama anaona.

"Mbona nzuri?" mama akasema.

Tulipotoka nje, mwanga wa jua ulituumiza macho, naye akanishika kiwiko ili nisijikwae. Nikamwachia.

Nilikubali dawa mchana ule. Nilikuwa nimeuona uso wa adui, au niliamini hivyo, na ilinitosha.

Chupa ya kwanza ilinipiga. Sitaielezea sana. Ukiwa njiani kuipata, jua tu kwamba siku ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza na ya nne huanza kupungua. Barafu mdomoni husaidia. Uji baridi hushuka, wa moto haushuki. Usijitazame kwenye kioo cha bafuni. Uvimbe wenyewe ulianza kuyeyuka upesi hadi nikaogopa. Kila asubuhi nilipapasa shingo na kukuta umepungua, kama donge la sukari guru kwenye chai. Shavu la Kulwa lilishuka upesi kuliko langu. Jicho lake likafunguka, likawa na udadisi mwingi, akawa anatembea wodini kuwahesabu wagonjwa kwa Kinyamwezi.

Nywele zilinitoka kwenye mto kwa mafungu. Bi Tatu alikuja na wembe na beseni.

"Kaa hapa, mtani. Mimi ndiye mwenye haki ya kukunyoa, ukiwa hai au maiti. Afadhali nianze mapema."

"Nyoa polepole."

"Kichwa chenyewe kama kibuyu cha asali! Sasa nimejua kwa nini hamkosi mahali pa kuweka mzigo."

Mama alikusanya nywele zote, hata zilizoshika beseni, akazifunga kwenye kitambaa. Sikumzuia. Kulwa alitaka naye anyolewe, ingawa zake zilikuwa zimekwisha kutoka. Bi Tatu akampitishia mgongo wa wembe kichwani, kwa makini kabisa, huku akimwuliza kama anataka mtindo wa Kizaramo au wa Kinyamwezi.

Chupa ya pili ilitukuta masika yamekolea. Mimi nilitapika na kuinuka. Kulwa alipata homa, kisha hakumjua mama yake, kisha hakumjua mtu. Alikufa alasiri moja, mvua ikinyesha, wakati Regina amekwenda kuchota maji ya moto. Bi Tatu ndiye aliyemfunga kidevu. Siku ile hakutania.

Nilimvizia Daktari Severini kwenye ujia.

"Alama yake ilikuwa ipi?"

"Kama yako."

"Dawa ile ile?"

"Ile ile."

"Basi kwa nini yeye?"

"Sijui, Ndugu Zena."

"Alama inatusaidia nini, kama haisemi nani atapona?"

"Inatuambia ni ugonjwa gani. Haijatuambia zaidi." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nami nilitaka iseme zaidi."

Nilikuwa nimejenga imani yangu yote juu ya zile pete za kijani. Usiku na mchana nikawa najipapasa shingo. Hapakuwa na kitu, na kutokuwapo kwa kitu hakukunituliza, maana shavu la Kulwa nalo lilikuwa laini siku aliyokufa.

Mtoto alizikwa Dar es Salaam. Hakukuwa na namna ya kumsafirisha. Nilipopata ruhusa ya kwenda kumalizia dawa Tabora, Regina alirudi nasi. Alikuwa na kifurushi cha nguo za mtoto na rozari. Mama alikuwa na kitambaa cha nywele zangu, na chupa ndogo aliyorudishiwa na daktari, kama alivyoapa. Tulivuka Dodoma, tukavuka Itigi, vichaka vimejaa maji. Hakuna aliyezungumza juu ya wapagazi.

Tulipokaribia Kigwa, Regina alikumbatia kile kifurushi. "Doto atakuwa stesheni," akasema. "Kila treni anakuja. Ataniuliza."

Mama alivaa viatu.

"Unakwenda wapi?" nilimwuliza.

"Nateremka naye. Mwanamke hapeleki habari kama hii nyumbani kwake peke yake." Akanitazama kichwa changu kilichofungwa kilemba, mkono wangu wenye alama za sindano. "Utaweza kufika mwenyewe?"

"Nitaweza."

"Ramadhani atakuwa anangoja." Akanipakatisha chupa na kile kitambaa. "Usizike mpaka nije."

Niliwaona dirishani. Mtoto mwenye uso ule ule, shavu zima, alikuwa amesimama karibu na reli akiangalia miguu ya kila anayeshuka. Mama alimfikia kabla ya Regina, akachuchumaa mbele yake. Treni ikaondoka. Sikusikia alimwambia nini, na hajawahi kunisimulia.

Tabora, baba mdogo alinishika mkono, akanitazama kichwa, akageuka upande. "Magauni yako yapo," akasema. "Sijayagusa."

Mama alirudi baada ya matanga. Baba mdogo alichimba shimo chini ya mpera. Mimi nilikaa kwenye kigoda kwa kuwa miguu haikuwa na nguvu. Mama akafunua chupa, akatia kila kitu, akasoma Fatiha. Sikuamini kwamba jambo lile lina faida yoyote kwa mwili wangu. Sikuuliza swali. Aliponikabidhi udongo, niliutupa.

Nilimaliza dawa kiangazi, upepo wa vumbi ukivuma barazani. Yaliyofuata yalikuwa magumu kwa namna nyingine, na hakuna anayekuonya: watu wanapokupongeza nawe huwezi kuwaamini. Kila homa ya malaria ilikuwa mwisho wa dunia. Mchumba niliyekuwa naye alikuja mara mbili, akatazama kichwa changu kikiota nywele laini kama za mtoto, akaacha kuja. Mama na mimi tulizungumza tena, ya chumvi, ya mkaa, ya foleni. Lile neno nililomwambia uani halikuondolewa kati yetu. Tulilizoea, tukapita pembeni yake. Baba mdogo alifumua mishono ya magauni, kidogo kidogo, hadi kitambaa cha ziada kikaisha.

Ukiwa kwenye benchi leo, uliza. Waulize hadi wachoke. Mwulize pia yule aliyeketi nawe, aliyepakata chupa yako, anaogopa nini. Mimi huyo nilimjibu sijui, nikamwacha aende.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa ameshatangulia, nilikwenda kupimwa kama kawaida, na daktari kijana akawa na muda. Nilimweleza zile pete za kijani. Akaniambia kwamba protini ile haikuwa ya ugonjwa. Iko juu ya seli nyeupe za ukoo ule kwa kila binadamu, mzima na mgonjwa, na ndiyo hutulinda. Inapatikana kwa aina mbili, na ndani ya mtu mwenye afya seli za aina hizo mbili hukaa zimechanganyika. Walichokiona wao kwangu na kwa Kulwa ni kwamba zote zilikuwa za aina moja, maana kwa kila mmoja wetu zilikuwa uzao wa seli moja tu, yake mwenyewe.